Marehemu Ameitwa kwa Mahojiano

Mountain View, Nairobi
24 Februari 2025

Da Nabiha,

Assalaam aleikum. Mimi na Safa tu wazima, alhamdulillahi, ila vumbi la Waiyaki Way mwezi huu limeingia hadi kwenye kopo la sukari. Dawa ya magoti ya Mama nimeipata mjini na nimeitia kwenye basi la leo pamoja na barua hii. Mwambie ajipake usiku, asiilambe kama ile nyingine.

Najua utacheka kuona nimeandika. Lakini ni wewe uliyetoa amri kwamba simu iwe ya salamu na mambo mengine yote yaandikwe, kwa sababu kila ukiniuliza jambo zito mtandao hupotea upande wangu. Haya, hapa hakuna mtandao. Nimekamatika.

Jambo lenyewe ni hili: nimepewa cheo. Usipige vigelegele bado. Serikali imetaka kila idara ifundishe wafanyakazi wake usawa na ujumuishi, yaani mtu asibaguliwe kwa kabila, dini, jinsia wala ulemavu. Bi Hannah, mkuu wetu wa idara, aliitisha mkutano wa kutafuta mwalimu. Wakahesabu watu wa ghorofa ya nne, wakakuta Mwislamu wa pwani ni mmoja tu. Waweru wa uhasibu akasema, “Si tuchukue Idarus, yeye ni wa hao watu.” Mpaka leo sijajua hao watu ni akina nani, lakini nimekubali kuwawakilisha.

Wametuletea na mkufunzi wa kunifunza mimi kwanza, kijana anaitwa Quincy, anavaa viatu bila soksi. Anasema watu hawabadiliki kwa sheria, hubadilika kwa kisa cha kweli cha maisha yako. Nimepekua maisha yangu yote, Dada, sikuona kisa hata kimoja, isipokuwa siku ile niliyofungiwa chooni Likoni, na sidhani hicho kitawafaa.

Niombee dua.

Nduguyo,
Idarus


Kibokoni, Mombasa
6 Machi 2025

Ndugu yangu Idarus,

Waaleikum salaam, na Ramadhani njema kwako na kwa wifi yangu Safa. Dawa imefika. Mama asema yanuka dizeli lakini magoti yameikubali. Jirani amezaa mapacha watatu wa kiume na hajui acheke au alie.

Hongera kwa cheo. Kufundisha serikali kutenda haki ni kazi nzuri, haiishi, utakula pensheni kabla hujafika nusu.

Sasa nami nina langu, nisikilize vizuri. Niliomba kazi ya serikali mwaka jana nikakaa kimya, maana nikisema mapema Mama humwambia kila mtu. Nimeitwa mahojiano. Ni idara yenu hiyo hiyo, lile dirisha la kuhudumia wananchi pale chini. Ni Jumanne tarehe 13 Mei. Nimekaa ofisi ya shule muda mrefu mno nikipokea wazazi wenye hasira, na kazi hiyo naitaka, Idarus. Nasoma kila siku baada ya futari. Mwongozo wa huduma wa serikali nimeuweka chini ya mto.

Nataka mambo mawili kwako. La kwanza, mahali pa kulala siku tatu. La pili, usimwambie mtu yeyote hapo kwamba mimi ni dadako. Magongo yangu wataniona nayo, siwezi kuyaficha mfukoni, lakini mengine sitaki. Nataka niulizwe wanayoulizwa wenzangu, nijibu, nipate au nikose.

Nijibu mapema nipate kukata tikiti.

Dadako,
Nabiha


Mountain View, Nairobi
28 Machi 2025

Da Nabiha,

Ramadhani inatuaga na mimi bado sijajibu. Nisamehe. Safa amekuletea kitambaa cha Idi, kiko ndani ya mfuko huu, rangi kachagua yeye, kwa hiyo ukikichukia usinilaumu.

Mafunzo tumeyafanya tarehe 19. Na tarehe niliipanga mimi mwenyewe, ujue. Mwislamu pekee wa ghorofa, napanga mafunzo ya kuheshimu dini za watu katikati ya Ramadhani, na sambusa saa nne! Nilisimama mbele yao nikinusa sambusa huku nikieleza kwamba ujumuishi huanza na mambo madogo.

Kisa nilikosa. Basi nikiwa pale mbele, watu mia wananitazama, ulimi ukanitangulia nikasema habari zako. Nilisema juu ya polio, juu ya shule, jinsi nilivyokuwa nikikubeba mgongoni asubuhi, na jinsi hujawahi kulalamika hata siku moja. Nilipofika hapo koo likanikauka kabisa. Chupa ya maji iko mbele yangu na mimi nimefunga. Nikanyamaza, nikatoa leso, macho yananitoka machozi kwa kikohozi. Dada, ukumbi mzima ulikuwa unalia. Waweru alikuwa analia. Mwishowe Bi Hannah akasimama, na wote wakasimama.

Kuhusu Mei, nimefikiri sana. Nyumba yetu iko ghorofa ya tatu na taa ya ngazi imekufa. Mei ni mvua. Tena, hizi kazi za mjini mara nyingi huwa zimeshapata wenyewe, mahojiano ni kutimiza wajibu. Pengine ungengoja nafasi za Mombasa?

Nduguyo,
Idarus


Kibokoni, Mombasa
10 Aprili 2025

Idarus,

Idi ilipita salama. Kitambaa ni kizuri, mwambie Safa nimemwombea. Mama alikula mahamri saba na sasa asema sukari imempanda kwa sababu ya husuda za watu.

Nina maswali. Mimi nimekuzidi miaka sita. Wewe ulinibeba mgongoni lini, ulipokuwa tumboni? Mkoba wako niliubeba mimi shingoni hadi ulipofika darasa la tatu, nawe ulikuwa ukilia njia nzima kwa sababu ya nzi.

Na nani kakwambia sijawahi kulalamika? Nalalamika tangu nipate fahamu. Nililalamikia ngazi za shule, nikalalamikia choo, nikalalamikia yule mwalimu aliyenikataza mchezo wa kuigiza. Muulize Mama. Muulize mtu yeyote wa Kibokoni, hata walio makaburini. Wewe tu hukusikia.

Halafu wasema wote walisimama. Walisimama kwa muda gani?

Na tena: naweza kuja kwako au siwezi? Ngazi napanda. Nyumba hii ya baba ina ghorofa tatu na mimi nalala juu. Mvua pia nimewahi kuiona.

Nabiha


Mountain View, Nairobi
27 Aprili 2025

Da Nabiha,

Salamu nyingi. Safa amepata homa akapona. Mwenye nyumba ameongeza kodi na kutupakia rangi ya ukutani tusiyoiomba, kijani kama ya zahanati.

Walisimama kama dakika moja hivi.

Ofisini mambo ni mazuri kupita kiasi, sijui nini kimewapata. Waweru, ambaye kwa miaka yote hii alikuwa akinipita kama nguzo, sasa ananiletea parachichi kutoka shambani kwake Dagoretti, kila Jumatatu, zimefungwa kwa gazeti. Bi Hannah amenipa mapumziko ya siku tatu bila kuomba, na kiti changu kibovu kimebadilishwa. Wakipita mezani pangu wanashusha sauti. Sikuwahi kupendwa hivi, hata siku ya harusi.

Kuhusu mahojiano, Dada, nakusihi usije. Nimesikia wapo wenye digrii mbili. Nafasi ni moja. Sitaki uje mbali hivi uvunjike moyo. Mimi nakuonea huruma tu.

Nduguyo,
Idarus


Kibokoni, Mombasa
3 Mei 2025

Idarus,

Mama mzima. Mimi, kwa mujibu wa ofisi yenu, si mzima.

Siku ya pili ya Idi simu ya Mama ililia akiwa anasali, nikaipokea. Mwanamke mwenye sauti ya upole akasema anaitwa Hannah, mkubwa wako wa kazi, namba kaitoa kwenye faili lako. Akasema wanasikitika sana na wako pamoja nasi kwa kumpoteza Nabiha. Nilikaa kitako sakafuni. Nikamuuliza, kwa taratibu, Nabiha alikufa lini. Akasema wewe hukuweza kumaliza kusema, uchungu ulikuzidi, na ukumbi ukanipa dakika moja ya kimya. Akaniuliza mimi ni nani kwa marehemu. Nikasema ni mtu wa karibu.

Nilingoja uniambie. Nimengoja mwezi mzima, na katika mwezi huo umeniletea parachichi za Waweru na digrii mbili za watu. Kumbe hutaki nije kwa sababu hutaki nifufuke! Na wewe pia ulisimama, sivyo? Uliinamisha kichwa ukanikalia kimya?

Huruma yako iweke. Bi Hannah bila shaka atakaa kwenye jopo la mahojiano. Nikiingia pale bila wewe kusema kweli, ama nitakuwa tapeli wa jina la marehemu ama nitakuwa muujiza, na mimi naenda kuomba kazi ya dirishani. Nenda kamwambie. Mwambie wewe, kwa mdomo wako, kabla ya tarehe 13.

Nabiha


Mountain View, Nairobi
8 Mei 2025

Da Nabiha,

Sina salamu za kutosha kwa barua hii, kwa hiyo chukua zote.

Ndiyo, nilisimama. Bi Hannah aliposema tumkumbuke dada yetu nilidhani nitasema neno mara tu watakapokaa. Walipokaa wakaja kunishika mkono mmoja mmoja, na yule wa tatu alikuwa Waweru. Dada, mimi si mtu wa kushikwa mkono. Huku Nairobi najulikana kama yule jamaa wa pwani anayejua pilau. Siku ile nikawa mtu. Nikasema nitasema kesho. Kesho yake wakaniletea kadi. Kufiwa kuna raha zake, Mungu anisamehe, na kila siku niliyonyamaza ilifanya siku ya pili kuwa ngumu zaidi, mpaka nikaona ni rahisi wewe ukae Mombasa kuliko mimi kufungua mdomo. Naona haya hata kuiandika.

Lakini nimemwambia. Jana niliingia kwake, nikafunga mlango, nikasema, “Madam, dada yangu hajafa. Yuko Mombasa. Hata wiki hii ameniandikia barua.”

Akavua miwani. Akanitazama kwa huruma ambayo sijapata kuiona, akasema, “Pole, Idarus. Huwanga hivyo. Mtu anaona ni kama bado anamwandikia.”

Nikaapa. Nikamwambia simu aliyopiga ni wewe uliyeipokea. Akaanza kulia. Nilipotaja kwamba unakuja kwenye mahojiano ya hapo chini akainuka akanishika bega, akasema ofisi haitaniacha. Akaniandikia likizo ya wiki mbili kuanzia leo, na kunipeleka kwa mshauri nasaha anayeitwa Virginia, mwanamke mwema sana. Virginia amesikiliza kila kitu huku akitikisa kichwa, kisha akanipa kazi ya nyumbani: nikuandikie marehemu barua ya kuagana.

Basi ndiyo hii unayoisoma.

Njoo. Nimenunua taa ya ngazi nimeifunga mwenyewe. Safa ametoa vitu vyote chumba cha mbele. Siruhusiwi kukanyaga ofisini, lakini nitakungoja kituo cha basi Jumatatu.

Idarus


Mountain View, Nairobi
17 Mei 2025

Dada,

Nilingoja mabasi matatu Jumatatu. Safa alipika samaki wa kupaka, tumemla siku mbili. Simu zangu hupokei, na Mama ananiambia Nabiha atakuandikia, kisha anakata yeye.

Jana Bi Hannah amenipigia. Kasema maneno mawili tu: likizo imekwisha. Leo Jumamosi, Jumatatu narudi. Sijui nikirudi nitakuta kiti kipi.

Niambie kilichotokea ndani ya chumba kile. Ukinitukana pia sawa, mradi uandike.

Idarus


Kibokoni, Mombasa
5 Juni 2025

Ndugu yangu Idarus,

Salamu kutoka ahera, na Idi njema ya kesho. Mama amenunua mbuzi mdogo na anamsifu kana kwamba ni ng'ombe. Magoti yake hayajambo.

Sikuja kwako. Nililala Dagoretti kwa Joyline, tuliyesoma naye chuo cha uhazili. Nilijua nikiiona sura yako usiku ule nitakuhurumia, na nilitaka kuingia mle ndani na hasira zangu kamili.

Walikuwa watatu mezani. Bi Hannah alikuwa katikati, anasoma jina langu kwenye karatasi, na kabla hajainua macho nilimwona amekunja uso. Nikasema, “Mimi ndiye Nabiha, dada yake Idarus. Ni mzima. Tulizungumza kwenye simu siku ya pili ya Idi.” Akainuka, akazunguka meza, akanigusa bega kwa vidole viwili kama anayejaribu pasi. Halafu akanikumbatia mpaka gongo moja likaanguka. Ni mwanamke wa kweli yule, Idarus, usimcheke tena.

Basi ikawa machozi na vicheko, wakaniagizia chai. Wakataka niwaeleze jinsi ulivyonibeba. Nikawaambia ukweli wa mkoba na nzi, wakacheka zaidi. Wakaniuliza nimevumilia vipi maisha. Wakaniuliza imani yangu. Nikajibu, nikanywa chai, nikawa natazama saa ya ukutani. Muda wangu ulikuwa nusu saa na ulikuwa unakwisha, na hakuna aliyeniuliza habari ya dirisha. Mwongozo wote niliousoma ulikuwa umekaa kifuani.

Nikasema, “Samahani. Wenzangu waliotoka humu mliwauliza nini?”

Wakatazamana. Bi Hannah akanishika mkono, akasema kwa upole, “Usijali hayo, mama. Hii kazi ni kama tayari ni yako.”

Idarus, ningeweza kunyamaza. Kazi ilikuwa pale mezani kando ya kikombe. Ningepanga chumba, ningemleta Mama apimwe magoti kwa daktari wa maana. Nilinyamaza hata pumzi mbili tatu, nisikudanganye. Kisha nikasema, “Niulizeni hayo hayo.”

Hawakupenda. Lakini waliniuliza, na muda wakaniongezea wa kile kikombe cha chai tu, nilikataa zaidi. Maswali sita. Matano niliyajibu vizuri, niliona wanaandika. La sita lilikuwa la mtu aliyepoteza kitambulisho na anataka cheti chake siku hiyo hiyo, foleni ndefu nyuma yake. Nikajibu kama tufanyavyo shuleni: mkalishe, mtulize, tafuta jina lake kwenye kumbukumbu, mpe. Nilipotamka “mpe” nikajua nimekosea. Kwanza ni taarifa ya polisi, hata mtoto ajua, iko ukurasa wa pili wa mwongozo. Nilikuwa nimekwisha sema.

Majibu yamefika juzi. Nimekuwa wa pili. Kazi kaipata Mbaluka fulani kutoka Machakos. Nilimwona pale nje akingoja zamu yake, kijana mpole, alinisogezea kiti bila kunitazama miguu. Bi Hannah ameambatisha maneno machache kwa mkono wake, kwamba alama zilihesabiwa mara mbili, na kwamba amekupa wewe adhabu ambayo hatanieleza. Sitaki kuijua. Itimize tu.

Mama aniita mwendawazimu. Asema riziki nimeikuta mlangoni nikaiuliza maswali. Huenda kweli. Tangu juzi nimeyarudia yale majibu yangu kichwani, na kila nikifika kwenye lile la sita natamani kujipiga kofi.

Nimelia, Idarus. Nimelia jana kutwa, kwa sauti, na majirani wamesikia. Mama akaja akakaa kitandani akaanza kusema haya ni majaribu ya Mungu kwa watu kama mimi. Nikamwambia watu kama mimi tuliitwa kumi na tisa, na kumi na wanane tumekosa, basi aniache nilie, kazi ile niliitaka.

Dadako,
Nabiha